Fundi wa Tandala

Mwalimu Verdiana aliitazama ile picha mara moja tu, akaweka kidole juu yake.

"Ni huyu," alisema. "Ndiye aliyeniuzia kompyuta."

Inspekta Joha alidhani amesikia vibaya. Picha alizozipanga mezani zilikuwa za wanaume kadhaa, na iliyotakiwa kuguswa ilikuwa ile ya mwisho kulia, picha ya Dotto, mtu aliyekuwa akisakwa kwa mauaji. Iliyoguswa ilikuwa ya katikati. Joha aliitia pale ili kujazia tu, kwa sababu ilikuwemo kwenye bahasha ileile na hakuwa na nyingine karibu.

"Mwalimu, tazama tena. Usiharakishe."

"Afande, nilikaa naye tangu asubuhi mpaka jua la utosini. Sasa hana ndevu hizi, na mashavu yameingia ndani. Lakini jicho la kushoto ni hilihili, kama linasinzia. Ni yeye."

Koplo Samson, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisahau adabu ya kazi.

"Mama, huyo tumemzika!"

Verdiana aliondoa kidole chake kama aliyegusa sufuria ya moto.

Picha ile ilikuwa ya Bonifas, ambaye Mikumi nzima ilimjua kwa jina la Fundi wa Tandala. Tandala ni mfumo endeshi wa kompyuta, wa bure na huria, unaoandikwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na wanaoutumia ni wachache mno. Ubaya wake ni kwamba unachagua. Ukiuweka kwenye kompyuta yoyote tu, huenda sauti isitoke, au kioo kibaki cheusi, au waifai isiwake kabisa. Bonifas aliugeuza ubaya huo kuwa biashara. Alinunua kompyuta zilizotumika, akazijaribu moja baada ya moja, akang'oa kadi za waifai ambazo Tandala ilizikataa na kupachika zile ilizozikubali, kisha akaziuza kwa dhamana. Wateja walimwagizia kutoka Mbeya, Arusha, hata Kampala, na vifurushi viliondoka kwa mabasi yanayosimama Mikumi ili abiria wapate chakula. Walikubali bei yake ya juu kwa jambo moja tu: kwa Bonifas waliamini hakuna kilichofichwa.

Kisha alfajiri moja dereva wa lori aliukuta mwili barabarani, katikati ya hifadhi. Magari yalikuwa yameshapita juu yake na fisi walikuwa wameshafika. Uso haukuwepo. Magreti, mke wa Bonifas, alitambua shati, pete na simu. Daktari akasema fuvu lilikuwa limepasuka kabla ya gari la kwanza kupita. Na siku hiyohiyo Dotto, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Bonifas dukani, alitoweka na kompyuta nzuri kuliko zote. Nani angehitaji kufikiri zaidi ya hapo? Tangu jana pacha wa Dotto, Kulwa, alikuwa mahabusu hapo kituoni Kilosa, akirudia neno moja kwamba hajui ndugu yake alipo. Joha mwenyewe ndiye aliyemkamata, na hakumkamata kwa upole.

Alivuta kiti, akakaa karibu na mwalimu.

"Nieleze tangu mwanzo. Uliikuta wapi?"

"Kwetu Magole. Kuna kibanda cha fundi simu, mgeni. Nilipeleka simu yangu, nikamuuliza kwa kupitisha maneno tu kama anamjua mtu wa kuniwekea Tandala. Akaacha bisibisi. Akaniuliza nimeijulia wapi. Afande, aliongea yule mtu! Kama amefungwa mdomo mwezi mzima. Halafu akatoa kompyuta hii chini ya meza, akaniambia hii inakubali kila kitu."

"Na nini kimekuleta polisi?"

"Watumiaji wa Tandala tuna ukumbi wetu mtandaoni. Juzi nikaona watu wanatuma rambirambi za fundi wa Mikumi, na kwamba mashine zake ziliibwa. Nikaona yangu huenda ni mojawapo. Sikutaka kukaa na mali ya marehemu."

Joha aliirudisha picha kwenye bahasha.

"Samson, piga simu Magole. Yule fundi akamatwe sasa hivi, kimyakimya, wasimpe nafasi ya kugusa hata simu. Wamlete hapa. Mimi na wewe tunakwenda Mikumi."

"Afande," Samson alisema kwa sauti ya chini, "kama Bonifas yu hai, kaburini yuko nani?"

"Ndiyo maana tunakwenda Mikumi."

*

Duka la Bonifas lilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, mahali malori ya Zambia yanapopunguza mwendo. Kibao chake kilikuwa bado kinaning'inia: TANDALA INAKUBALI HAPA. Magreti, aliyekaa nyumba ya uani, aliwafungulia mlango akiwa na kitambaa cheusi kichwani. Wadogo zake walimshika mkono kana kwamba anaweza kuanguka.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Tutasumbua kidogo."

Mpaka siku hiyo hakuna askari aliyelipekua duka lile vilivyo. Kifo kilitokea barabarani, na dukani walikuja tu kuandika vitu vilivyoibwa. Joha alijua hilo ni kosa lake. Alimwita Hussein, fundi wa kompyuta wa duka la jirani, akamkabidhi mashine ya mwalimu Verdiana.

"Ifungue. Niambie kama ni ya Bonifas."

Hussein alitoa skrubu za chini, akainua mfuniko, akacheka kwa huzuni. "Ni yake, mama. Hakuna mwingine anayepachika hivi. Tazama, hii ndiyo kadi ya waifai. Tandala inaitambua bila…"

Alisogeza taa, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mashine.

"Nini?"

"Hiki hapa pembeni ya kadi. Kitone cheusi. Hakikutoka kiwandani, kimelehemewa kwa mkono."

Joha aliinama. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama.

"Kinafanya nini?"

"Ngoja nijaribu."

Aliiwasha mashine, akaiunganisha na waifai ya dukani kwake, kisha akaweka kompyuta yake ya kazini kando ili itazame kinachopita. Hakugusa kitu. Muda si muda, namba zilianza kutiririka kwenye kioo cha pili.

"Inatuma," Hussein alisema. "Hakuna anayeitumia, na inatuma. Nakala ya kila alichoandika mwenye mashine inakwenda mahali."

"Lakini si walisema mfumo huu uko wazi? Kwamba mtu hawezi kuficha kitu?"

"Kwenye mfumo hawezi. Wenzake wangekiona siku hiyohiyo, wanasoma kila mstari. Basi hakuficha kwenye mfumo, mama. Alificha kwenye chuma. Na wateja wa Tandala hawana ujanja, chuma kinachokubali wanakipata kwake tu."

Ghafla alitoka mbio. Walimwona akiingia dukani kwake na kurudi na kompyuta nyingine, ya kwake mwenyewe, aliyouziwa na Bonifas mwaka jana. Aliifungua kwa haraka hata skrubu moja ikadondoka na kupotelea chini ya meza. Kitone kilikuwepo.

Hussein aliketi sakafuni.

"Nilimwandikia mke wangu humu tulipogombana," alisema. "Mambo ya chumbani. Mambo ya wazazi wake. Na Bonifas alikuwa akija kunywa chai kwangu kila asubuhi, ananitazama usoni."

Joha alimgeukia Magreti, aliyekuwa bado mlangoni, macho yamemtoka.

"Magreti, siku ile ya mwisho uliwasikia Bonifas na Dotto wakifokeana. Kwenye maelezo yako nimeandika kwamba Dotto alisema, 'Umewauzia watu.' Nikachukulia kwamba wanagombania mauzo. Hebu niambie tena maneno yake, kama alivyoyatamka."

"Alikuwa ameshika mashine iliyofunguliwa," Magreti alisema polepole. "Akasema, 'Kaka, umewauza watu.'"

"Umewauzia, au umewauza?"

"Umewauza." Alitafakari kidogo. "Ndiyo, afande. Umewauza watu. Alisema hivyo, halafu akalia. Mimi nilishangaa mwanamume analia kwa ajili ya mashine."

Joha alifumba macho kidogo. Sauti moja tu, aliyoiongeza yeye mwenyewe kwa haraka ya kalamu, ndiyo iliyomgeuza Dotto kuwa muuaji. Muuzaji mwenye wivu. Kumbe alikuwa mtu pekee katika duka lile aliyewalilia wateja.

Alipoyafumbua aliona alama za miguu ya meza chini ya dirisha, mahali pasipokuwa na meza. "Samson, isogeze hiyo meza."

Meza ya kazi ilikuwa nzito, na jiriwa la chuma, la kubania vifaa wakati wa kazi, lilikuwa limefungwa kwenye ukingo wake. Samson aliisukuma kwa bega.

"Hiyo ilikuwa upande wa dirishani," Magreti alisema. "Sijui Bonifas aliihamisha lini."

Chini yake saruji ilikuwa nyeupe kuliko sehemu nyingine, imesuguliwa. Lakini palikuwa na ufa, na ndani ya ufa palikuwa na weusi uliokauka. Samson alimulika jiriwa kwa kurunzi. Kwenye meno yake, chini kabisa ambako brashi haifiki, zilinasa nywele mbili tatu.

Magreti aliona wanachokitazama.

"Mmempata Dotto?" aliuliza.

Joha hakuinua kichwa.

"Nadhani ndiyo," alisema.

Simu ya Samson ikaita. Alisikiliza, akaitikia kwa neno mojamoja, akakata.

"Wanaye," alisema. "Yuko njiani kwenda Kilosa. Amewaambia jina lake bila kuulizwa."

Hapo Joha alimshika Magreti mikono yote miwili, akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache, bila kuzunguka. Magreti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua pete ya marehemu aliyoivaa kwenye uzi shingoni, akaitazama, akaitupa barabarani kwa nguvu zake zote. Samson alilazimika kusimamisha lori lililokuwa likija na kwenda kuiokota, maana sasa ilikuwa ushahidi.

*

Bonifas alikuwa amekonda kweli. Alikaa na pingu mapajani, akamwangalia Joha akifungua bahasha ya picha, na alipoiona picha yake mwenyewe yenye ndevu alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekutana na jamaa wa zamani.

"Ni yule mwalimu," alisema. "Nilijua siku ileile. Nilipaswa kumwambia siijui Tandala."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Hujui ilivyo, afande. Kukaa unabadilisha vioo vya simu, halafu mtu anaingia na kutaja kazi yako."

"Kazi yako ipi? Ya kuuza kompyuta, au ya kuuza watu?"

Tabasamu likaondoka.

"Nani alikuwa anapokea zile nakala?"

"Sijawahi kumwona. Aliniandikia. Mwanzo alitaka mashine moja tu, ya mtu mmoja tu. Akasema watu wanaotumia mifumo kama hii ni wale wenye kitu cha kuficha. Baadaye akataka zote."

"Na Dotto akaona."

"Dotto alikuwa na macho mazuri. Mimi ndiye niliyemfundisha kulehemu. Akanipa mpaka jioni niwaandikie wateja wote ukweli, au atawaandikia yeye. Nikamsukuma. Nilimsukuma tu, afande. Kichwa kikagonga jiriwa."

"Ukadhani amekufa."

Bonifas aliinamia pingu zake. Joha alisubiri. Nje ya chumba mtu alikuwa akicheka na kituo kilikuwa na shughuli zake za kawaida, na ndani ya chumba ilisikika kalamu ya Samson ikikwaruza karatasi.

"Bonifas. Nimekuuliza kama ulidhani amekufa."

"Nilimvua shati nikamvika langu," alisema hatimaye. "Tulikuwa na mwili mmoja mimi na yeye, kila kitu kilimtosha. Pete ilikataa kidogo. Nilipokuwa naisukuma kidoleni…"

"Sema."

"Aliniita kaka."

Kalamu ilisimama.

"Alikuwa hai," Joha alisema.

"Aliniita kaka, mara moja. Nikaendelea."

"Ukampakia kwenye gari akiwa hai. Ukamlaza barabarani, ndani ya hifadhi, akiwa hai."

"Sikumtazama tena usoni, afande. Sijui alikuwa hai mpaka wapi."

Samson aliinuka, akaweka kalamu mezani kwa uangalifu mkubwa, akatoka nje. Joha aliivuta karatasi ya Samson upande wake, akayaandika maneno yale kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya kila neno alirudi kulisoma, herufi kwa herufi.

"Magreti anajua?" Bonifas aliuliza.

"Anajua."

"Alisema nini?"

Joha alikunja karatasi, akaondoka.

*

Kulwa alitolewa mahabusu, akapewa viatu na mkanda wake. Alikuwa mrefu, mwenye mikono ya mtu wa ng'ombe na jembe. Familia yao ilihamia tambarare za Kilosa kutoka kanda ya ziwa walipokuwa wadogo. Alisimama mbele ya meza kama alivyosimama jana, akingoja kufokewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, Kulwa."

"Nimeshasema, mama. Sijui alipo. Hata mkinipiga."

"Hakuna atakayekupiga. Kaa."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Joha alikuwa amepanga namna ya kuanza, lakini alipoutazama uso ule mpango wote ulimtoka, kwa sababu ulikuwa ndio uso wa picha ya mwisho kulia, alioukariri kwa siku nyingi kama uso wa muuaji.

"Ndugu yako hakuua mtu," alisema. "Dotto ndiye aliyeuawa. Aliyemuua ni Bonifas, na tunaye hapa. Dotto aligundua wizi mkubwa, akakataa kunyamaza. Mwili uliookotwa barabarani ulikuwa wake. Daktari atachukua damu yako kuthibitisha, lakini mimi sina shaka. Tulikosea, Kulwa. Nilikosea mimi."

Kulwa alimtazama bila kupepesa.

"Bonifas yuko hapa?"

"Yuko."

"Na yule aliyezikwa… Mama, mimi nilikuwepo pale."

"Pale wapi?"

"Msibani. Nilikuja kumtafuta Dotto. Nilijua kama bosi wake amekufa, yeye hawezi kukosa. Watu wakanitambua kwa sura, wakanifukuza kwa fimbo, ndugu wa muuaji. Nikasimama barabarani. Jeneza likapita karibu yangu, karibu hivi, ningenyoosha mkono ningeligusa." Aliunyoosha mkono, kisha akautazama. "Nikageuka nikaangalia kwingine. Niliona aibu kwa sababu ya Dotto. Mama, alipita mbele yangu nikampa mgongo."

Joha alitaka kusema kwamba hakujua, kwamba hakuna aliyejua, na alihisi maneno hayo yalivyo mepesi kabla hayajafika mdomoni. Samson, aliyekuwa amerudi mlangoni akiwa amenawa uso, alivua kofia.

Kulwa alijifuta uso kwa kiganja.

"Mama yetu yuko njiani," alisema. "Nilimpigia kabla hamjanikamata. Anakuja kumwombea Dotto msamaha kwa mjane. Anasema atampigia magoti."

"Nitakwenda mimi kumpokea."

"Kaburi lina msalaba?"

"Lina."

"Umeandikwa jina la Bonifas?"

"Ndiyo."

"Basi nifukulieni ndugu yangu."

"Siwezi leo. Kulifungua kaburi ni mpaka hakimu aseme, nami nitakuwa mlangoni kwake kesho asubuhi. Tukiligusa kabla, mwenye kosa anaweza kuponyoka."

Kulwa alitikisa kichwa taratibu. Aliinuka, akafunga mkanda wake vizuri, akaanza kufungua kifungo cha mkono wa shati na kuukunja, kama mtu anayejiandaa kwa kazi.

"Mwili auguse hakimu," alisema. "Mimi nauliza jina. Jina nalo linangoja hakimu? Mama yangu asilikute pale."

Joha alimtazama Samson. Samson alitazama sakafu.

"Jina halingoji," Joha alisema.

Alichukua funguo za gari mezani, akatangulia kutoka kwenda makaburini.